Bi Labda Anakabidhi Kifuko cha Vifungo Kumi

Kwa heshima na taadhima, na baada ya vikao viwili vilivyovunjika kwa kukosa akidi, Idara ya Kanuni inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kile kiti cha kijivu cha dirishani, chenye magurudumu manne badala ya matano na mto ulioshonwa kwa nyuzi za rangi tatu, kitakuwa wazi kuanzia saa kumi jioni ya Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Maombi yaliyopokelewa mpaka sasa ni kumi na moja. Mchoraji wetu ameomba mara mbili, mara ya pili kwa mwandiko wa mkono wa kushoto. Idara inawasihi mtulie.

Mwenye kiti naye anaondoka siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, baada ya kuitumikia kampuni hii miaka ishirini na tisa na miezi minne. Najua tangazo la pili lilipaswa kuwa la kwanza. Mtaniwia radhi. Ninaandika nikiwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huanzia kwenye fanicha.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia kwa sababu mbili. Kwanza, kamati ya jarida la wafanyakazi ni mimi peke yangu tangu mwenzangu alipohamia kampuni ya bima. Pili, nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na saba, karibu kiasi cha kumsikia akitafuna karanga na kuzigunia programu zangu. Ofisi kuu imenipa karatasi ya vidokezo. Nitaje bidii yake, nitaje tabasamu lake, niseme ameamua kustaafu mapema ili ayapumzishe macho, nisizidi kurasa mbili na nisiingie katika mambo ya kitaalamu. Karatasi hiyo nimeiweka chini ya kikombe cha chai. Imeshaanza kulowa, na siionei huruma. Hayo macho nitayarudia.

Aliingia hapa akiwa mfungaji wa maboksi. Kampuni wakati huo ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi ya baiskeli, na harufu ya mpira iliingia mpaka kwenye kadi. Tulitengeneza mchezo mmoja tu wa mezani, Mto na Ngome, wa falme mbili za kale zinazogombania kivuko. (Nasema "tulitengeneza" kwa mazoea; mimi wakati huo nilikuwa nikifeli hesabu mahali pengine.) Kazi yake ilikuwa kuhesabu askari wa mbao: hamsini wekundu, hamsini weusi, ramani, kijitabu, funika, gundi, boksi lingine.

Wafungaji waliucheza mchezo huo saa ya chakula. Wiki ya tatu akapanda ngazi mpaka kwa mwanzilishi wa kampuni, mzee mmoja mkali aliyevaa tai hata siku za kupaka gundi, akamwambia mchezo una kasoro.

Mzee akauliza kama askari wamepungua.

"Askari wametimia," akasema. "Mto ndio haumo."

Mzee akamwonyesha mto kwenye ramani, wa buluu, mpana, umechorwa vizuri.

"Hiyo rangi tu, mzee wangu. Mwenye askari thelathini anavuka, mwenye ishirini anazama. Leo hivyo, kesho hivyo. Nimeshacheza mara arobaini. Mto gani huo usiojaa hata siku moja?"

Kesho yake alikuja na kifuko cha kitambaa, alichokishona kutoka mfuko wa suruali kuukuu ya mumewe. Ndani yake mlikuwa na vifungo kumi vya shati, saba vyeupe na vitatu vyeusi. Unataka kuvuka, vuka, hakuna anayekuzuia. Lakini kwanza tia mkono. Ukitoa cheupe umefika ng'ambo. Ukitoa cheusi mto umejaa, na adui anakutazama ukikamua nguo. Kisha kifungo kinarudi kifukoni, zamu inaendelea. Mzee mwanzilishi akacheza, akatoa cheusi mara tatu mfululizo, akapaza sauti iliyosikika mpaka kwenye matairi, akajifungia ofisini. Baada ya nusu saa mlango ukafunguliwa kidogo.

"Hebu kilete tena hicho kifuko."

Ndivyo mfungaji wa maboksi alivyokuwa mtunzi wa kanuni. Hakuna chuo alichopitia. Alisoma vitabu vya historia kwa kuviazima maktaba na kuvirudisha vikiwa na vipande vya karatasi ndani yake, kimoja kimeandikwa "ALIJUAJE?", kingine "HAKUJUA HUYU!" Mkutubi alilalamika kwa barua. Bi Labda akamjibu kwa barua ndefu kuliko ile ya malalamiko, na kiini chake tunakijua sote kwa sababu alikirudia kila wiki kwa miaka ishirini na tisa: sisi tunajua nani alishinda vita kwa kuwa tumeanza na ukurasa wa mwisho, lakini yule mfalme alikuwa amesimama ukingoni, miguu imelowa, hajui. Mchezo wa historia usiomlowesha mchezaji miguu, alisema, ni kalenda.

Jina la Bi Labda alipewa na mchoraji. Ukimuuliza kama mkutano utakuwepo, labda. Kama maziwa yamekuja, labda. Siku moja mchoraji akamuuliza kama leo ni Jumanne, akafikiri kwanza.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Kuna watengeneza michezo wanaorusha dadu ili mambo yachangamke, na hao alikuwa akiwasema kwa maneno ambayo jarida hili halichapi. Kwake yeye, mchezaji alipaswa kuiona namba kabla ya kuamua. Saba kati ya kumi, ameiona, ameipima, ameamua; baada ya hapo hasira zake ni halali na lawama ni zake. Na cheusi hakikuwa ukuta. Katika mchezo wetu wa pili unamtuma mjumbe akaombe msaada wa mfalme jirani. Toleo la kwanza lilisema, ukikosa, mjumbe amekufa, basi. Bi Labda aliirudisha ile rasimu mara nne. Mwishowe mjumbe wake anachelewa siku mbili, anamkuta jirani ameshapatana na adui yako, na anarudi na habari mbaya pamoja na mfungwa aliyemwokota njiani, ambaye anaijua njia ya siri ya kuingia ngomeni. "Ukimnyima mtu ushindi," alisema, "angalau mpe habari."

Watu walikasirika, naam. Siku hizo namba ya simu ya ofisi ilichapwa nyuma ya boksi, kosa ambalo halijarudiwa tena. Simu alizipokea mwenyewe, kwenye spika, huku akitafuna. Nilikuwepo siku muuguzi mmoja alipopiga akiwa karibu kulia.

"Nimejenga daraja! Nimelisha jeshi zima miezi mitatu! Halafu mnaniambia mvua!"

"Pole, mwanangu. Kabla hujavuka, uliona mbili kati ya kumi za mvua?"

"Niliona."

"Ulidhani ni za nani?"

Mara tukasikia kicheko, kidogo kidogo, kama mtu anayejizuia mbele ya wagonjwa. Yule muuguzi amekuwa akimpigia Bi Labda tangu hapo, kila baada ya miezi michache, kutoa taarifa ya vita vyake. Mkumbukeni, tutamhitaji mbele.

Nyumbani kwake hali ni nyingine kabisa. Mumewe ni fundi saa. Chai kwao hunywewa saa kumi na moja na dakika kumi, na wageni wanaochelewa huonyeshwa ukuta wenye saa tisa, zote zikikubaliana. "Kule kila kitu kinajulikana mpaka dakika," Bi Labda alituambia. "Niacheni nije kazini nipumue."

Mimi niliajiriwa kampuni ilipokuwa inahamia kwenye kompyuta, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukitia kile kifuko ndani ya mashine. Nilijiona mjuzi. Kompyuta, kwa wasiojua, haina mkono. Hufuata orodha ndefu ya namba zilizovurugwa, na fundi anatakiwa kuhakikisha kwamba kila ikiwashwa inaanzia mahali tofauti katika orodha hiyo. Nikasahau. Mashine ikawa inaanzia pale pale kila mara, na kwa hiyo balozi wa kwanza wa siku alikufa kwa homa. Kila siku, katika kila nyumba yenye mchezo wetu. Tulishauza nakala elfu nne. Wachezaji waligundua kabla yetu. Walikuwa wakimtanguliza balozi wasiyempenda, na baba mmoja alituandikia kwamba wa kwake amempa jina la mkwewe.

Bi Labda alicheka mpaka akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akanitazama. "Kijana," akaniambia, mimi ambaye tayari upara ulikuwa unanyemelea, "umeua mabalozi elfu nne, na hata mmoja hukumpa nafasi."

Kisha akanifundisha jambo ambalo ndilo lililoifanya kampuni hii iaminike. Akaniletea daftari la miraba. Kila mchezo, kabla haujatoka katika jengo hili, unachezwa kwa mkono mara mia tano katika uamuzi ule ule mmoja. Kila ushindi mstari, mistari minne na wa tano unaikata, ukurasa unajaa. Na anayehesabu asiwe yule aliyeandika programu. Mashine, alisema, haihesabiwi na baba yake mzazi. Tangu siku hiyo mimi niliandika, yeye akahesabu. Michezo tisa. Madaftari arobaini na moja. Miwili kati ya michezo hiyo inatumika shuleni kufundishia historia, na mmoja ulitupatia kikombe cha fedha ambacho sasa kinazuia mlango wa stoo usijifunge. Katika michezo yote hiyo hakuna mchezaji aliyewahi kuthibitisha kwamba tumemdanganya, ingawa walijaribu. Mhasibu mmoja alitutumia kurasa sitini.

Mpaka hapo ofisi kuu ingefurahi. Kurasa mbili zimeshapita, lakini tabasamu nimelitaja.

Mwaka jana tukatoa Msafara wa Chumvi, mchezo wa simu. Unaongoza ngamia na watu thelathini jangwani zama za kale, na kila kisima unaamua: tungoje au twende? Bi Labda aliuhesabu kabla haujatoka. Palipoandikwa saba kati ya kumi, mara mia tano zilimpa ushindi mia tatu arobaini na nane. Akaandika "SAWA" kwa kalamu nyekundu, akala karanga.

Miezi mitano baadaye yule muuguzi akapiga simu. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo Bi Labda alipokunja uso. "Mama, huu mchezo wenu umekuwa mpole mno. Nashinda mpaka napata usingizi. Ngamia wangu hawafi kabisa, kwani mmewapa dawa?"

Akafungua daftari jipya. Akahesabu wiki nzima, simu mkono huu, kalamu mkono ule. Palipoandikwa saba kati ya kumi, mara mia tano, akapata mia nne arobaini na saba. Akadhani amekosea. Akauchukua mchezo nyumbani, akamkalisha mumewe aandike mistari yeye akicheza. Mia nne hamsini na mbili.

Alhamisi akaingia chumba cha mikutano, kile ambacho kiyoyozi chake hudondosha maji kwenye kiti cha mgeni. Tulikuwa wanne: Mkurugenzi, Mkuu wa Mauzo, yeye na mimi. Akaweka daftari mezani, akaligeuza ili Mkurugenzi aweze kulisoma. "Saba yetu si saba," akasema. "Kuna mtu ameingiza mkono kifukoni."

Mkurugenzi akanigeukia. "Kuna kitu kimebadilishwa humo ndani?"

"Mimi sijaona kitu," nikasema.

Mkuu wa Mauzo akacheka kwa upole, ule upole wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, mistari yenyewe midogo hivi, na hiyo miwani ni ya siku nyingi. Usijichoshe bure. Umetufanyia mengi."

Bi Labda alinitazama mimi. "Hukuona kitu, Kijana?"

"Sijaona, Mama."

Akalifunga daftari polepole. "Basi ni mimi," akasema, akatoka, na mlango akaufunga bila kelele.

Wiki mbili baadaye akaandika barua ya kustaafu, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Barua ina sentensi tatu na nimeiona: amekilinda kifuko kwa kuwa alikuwa na uhakika wa hesabu yake, uhakika huo hana tena, apewe mwingine. Ofisi kuu ikatoa waraka kwamba mama yetu anaenda kuyapumzisha macho. Watu wakachanga, kadi ikazungushwa isainiwe, vita vya kiti vikaanza. Na mimi nilisaini ile kadi. Niliandika "Tutakukumbuka" na kuchora ngamia.

Jumatano iliyopita, saa nne kamili, mumewe alikuja kuchukua madaftari. Nilimsaidia kubeba maboksi mpaka kwenye gari. Ni mtu wa maneno machache, na vidole vyake havitulii, kama vinatafuta skrubu.

"Alikwenda kwa daktari wa macho," akaniambia tukiwa ngazini.

Nikauliza amesemaje.

"Macho ni mazima. Daktari kamsifu. Ningefurahi, bwana, lakini mwenzangu alirudi amenyong'onyea kuliko alivyokwenda. Maana kama si macho, anasema, basi ni kichwa." Akaweka boksi chini, akalinyoosha liwe sambamba na ukingo wa ngazi. "Anahesabu vijiko. Kila siku baada ya chakula anavitoa kabatini, anavihesabu, anaviandika. Kumi na viwili. Kila siku kumi na viwili, na kila siku haamini, anavirudia."

Nikalihamishia boksi langu bega la pili.

"Ile mistari ya mara ya pili niliiandika mimi," akasema. "Mimi hufungua saa ndogo kuliko ukucha na kuifunga tena bila kupoteza kitu. Mia nne hamsini na mbili. Sasa nakuuliza wewe uliyekaa naye miaka yote hiyo. Mke wangu anaumwa?"

Nilimwambia sijui. Nilisimama pale ngazini, mtu mzima mwenye watoto wawili chuoni, nikamwambia fundi saa kwamba sijui. Akaitikia kwa kichwa, akapakia, akaondoka. Mimi nikarudi mezani, na ile karatasi ya vidokezo ilikuwa inanisubiri.

Mpaka hapa nimewasimulia kama mtu aliyekuwa anapita tu. Sasa nieleze lililotokea.

Mwezi wa tatu wa Msafara wa Chumvi, Mkuu wa Mauzo alikuja mezani kwangu na Mkurugenzi nyuma yake. Wachezaji, alisema, wakishindwa mara mbili mfululizo wanakasirika na kuufuta mchezo. "Onyesha saba, wape tisa. Wataona wana bahati. Nani atajua?" Nilisema Bi Labda atajua. Mkurugenzi akasema mchezo ulishahesabiwa, hakuna sababu ya kumsumbua mama wa watu. Hawakunitisha. Hawakunibembeleza hata. Ningeweza kukataa, na sana sana ningenuniwa wiki moja. Nilisema sawa, kisha nikauliza kama chakula cha mchana kimefika. Niliandika mistari kumi na mmoja ya programu. Ilinichukua dakika ishirini, na nilijisifu kwa jinsi ilivyojificha vizuri.

Ndiyo maana nina hasira. Nina hasira na Mkuu wa Mauzo aliyeigusa miwani ya mtu ili asiguse daftari. Nina hasira na Mkurugenzi aliyeniuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mfukoni. Nina hasira na waraka, na kadi, na kiyoyozi. Lakini hao wote niliwazidi mimi, kwa kuwa wao hawakuwahi kufundishwa kuhesabu na yule mama, na mimi nilifundishwa. Hasira zangu nyingine nimezipangilia vizuri kama vifungo mezani, na kila nikitia mkono natoa kifungo kile kile, nacho ni mimi.

Jumatatu hii asubuhi niliifuta ile mistari kumi na mmoja. Msafara wa Chumvi sasa unatoa saba palipoandikwa saba, na simu za hasira zimeanza kuingia, tayari thelathini na mbili. Nilikwenda pia kwa Mkurugenzi nikamwambia nitaandika. Akaniambia nifikirie familia yangu. Nimeifikiria. Mke wangu ndiye aliyesahihisha makosa ya herufi katika ukurasa huu, na pale juu nilipoandika kwamba "tulifanya uamuzi mgumu" alikata kwa kalamu, akaandika pembeni: "Nani? Na ugumu ulikuwa wapi?" Jarida hili litawekwa juu ya viti vya ukumbi Ijumaa saa nane, Mkurugenzi atalisoma mtakapolisoma ninyi, na nini kitatokea baada ya hapo sijui. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ninaelewa alichokuwa anakisema kuhusu miguu kulowa.

Bi Labda, Mama yangu wa meza ya pili. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Mia nne arobaini na saba ilikuwa sahihi, na mia nne hamsini na mbili ya mzee wako ilikuwa sahihi. Macho yako mazima, kichwa chako kizima. Aliyeingiza mkono kifukoni ni mimi, na ulipouliza wewe mwenyewe, baada ya Mkurugenzi, nilidanganya mara ya pili. Karatasi yenye ile mistari kumi na mmoja, pamoja na saini yangu, nimeikunja nikaiweka ndani ya kifuko chako pamoja na vifungo. Hapo kifuko kilipo, droo ya juu, hakuna mwingine atakayekigusa.

Na kuna jambo la kanuni, ambalo wewe ndiye uliyelitunga. Anayeamua lazima aonyeshwe namba ya kweli kwanza. Wewe uliamua kuondoka ukiwa umeonyeshwa namba ya uongo. Kwa kanuni yako mwenyewe, zamu hiyo haihesabiki. Kwa hiyo lile tangazo la mwanzo nalifuta: kiti cha dirishani hakiko wazi, na mchoraji arudishe mkono wake wa kushoto mahali pake, mpaka mwenye kiti aamue upya akiwa anajua anachokiamua. Ukisema unarudi, madaftari nitayabeba mwenyewe kutoka kwenye gari la mzee. Ukisema unakwenda, nenda ukiwa umesimama wima kama ulivyoingia, na kampuni nzima inakushukuru kwa mito iliyojaa na mabalozi waliopewa nafasi. Ukisema hutaki kuniona tena, nitaelewa, na sitaomba kurudia kutia mkono.

Vyovyote utakavyoamua, tunakutakia siku nyingi za afya, kicheko cha kuvua miwani, na mshangao mmoja mwema kila wiki katika nyumba ile yenye saa tisa. Vijiko virudishe kabatini, Mama. Havijawahi kupungua.